Madaftari Juu ya Moshi

Wahenga walisema akiba haiozi. Wengi wetu tukisikia akiba tunawaza mahindi ghalani. Lakini ipo akiba nyingine, ambayo mwenye nayo huchekwa mpaka siku inapohitajika, na ya Mama Kunegunda wa Mfaranyaki ilikuwa ya namna hiyo.

Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyo alitunza maktaba ya umma ya mtaa wake, mjini Songea. Hakuna aliyegusa kitabu kabla ya kuandika jina, tarehe na alichokuja kusoma katika daftari la wageni. Awe mwalimu mgeni, awe mkulima wa Maposeni aliyekuja kutafuta dawa ya viwavi, awe padri, loo! Wote waliambiwa neno lile lile: "Sahihi kwanza, mwanangu." Watu wakambandika jina la Mama Sahihi.

Mwaka aliostaafu, mkuu wake alimwambia, "Haya madaftari yaliyojaa yanakula nafasi bure. Kayatie moto." Mama akayabeba hadi nyumbani, akayapanga kwenye uchaga juu ya mafiga, pale wenyeji wanapotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu.

Asumpta, bintiye, alikuja juu. "Mama jamani! Mbegu zangu nizitundike wapi, kichwani?"

"Sogeza kidogo tu. Akiba haiozi."

"Majina ya watu nayo akiba? Tutayachemsha tule?"

Mama aliendelea kuyapanga. Neno lile lilimchoma, maana kila aliyeandika mle alikuwa kama mwanawe.

Haikupita miezi mitano, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa maktaba. Inafungwa, jengo litakuwa ghala, kwa kuwa haina wasomaji. Hakuna msomaji aliyeulizwa hata neno moja. Mama Kunegunda alikuta kufuli jipya, na wasichana wawili waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne wameketi kwenye ngazi, vitabu mapajani. Kwao hakukuwa na taa wala utulivu. Machozi yakamlengalenga.

Aurelia, wakili aliyesomea maktabani humo tangu darasa la nne, alipeleka maombi mahakamani ili amri ile ifutwe. Jioni moja alifika kwa mama, uso umemsawijika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Kwamba wasomaji hawakusikilizwa, hilo nitalithibitisha. Lakini wale walioifunga wameapa kwamba wasomaji hawafiki watano kwa siku. Sisi tuna maneno matupu. Bila ushahidi, Mama, kufuli lile halitoki."

Mama Kunegunda aliinuka, akaingia jikoni.

Siku ya shauri madaftari yaliingia mahakamani ndani ya magunia, meusi, yakinuka moshi mpaka karani akapiga chafya. Wakili wa upande wa pili akasimama.

"Shahidi, hukuagizwa uyachome?"

"Niliambiwa niyapeleke motoni, baba. Nikayapeleka. Ila niliyaweka juu, kwenye moshi."

Watu wakaangua kicheko. Wakili hakucheka. "Tutajuaje kwamba hukuyaandika wewe mwenyewe huko jikoni?"

Mama alimtazama Bartholomeo, ofisa aliyetia saini amri ya kufunga maktaba, aliyeketi nyuma ya wakili wake. Mama alikuwa amemtambua tangu asubuhi, na hakutaka kumwaibisha. Lakini akawakumbuka wale wasichana kwenye ngazi.

"Mheshimiwa Jaji, naomba bwana yule asome ukurasa huu. Kama mwandiko si wake, basi yote nimetunga mimi."

Jaji akaruhusu. Bartholomeo akalipokea daftari la zamani, akasoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua: "Bartholomeo, kidato cha pili. Fizikia. Nimenyeshewa, Mama amenipa sweta."

Bwana yule alitoa leso.

"Ni mwandiko wangu," alisema. "Na sweta ile sikuirudisha."

"Ulikuwa unaihitaji, mwanangu," Mama Kunegunda akamjibu.

Baada ya hapo wakili wa Bartholomeo akaketi. Madaftari ya miaka mitatu ya mwisho yalihesabiwa mstari kwa mstari, yakaonyesha wasomaji zaidi ya arobaini kila siku. Wiki mbili baadaye Jaji aliitengua amri. Sababu ya amri hiyo haikuwa ya kweli, alisema, na wenye maktaba yao hawakusikilizwa.

Asubuhi kufuli lilipotolewa, Mama Kunegunda alikuwa mezani pake, safari hii kwa kujitolea. Wasichana wale walikuwa wa kwanza. Nyuma yao akaingia Bartholomeo, sweta mpya ya sufu imekunjwa kwapani.

"Shikamoo, Mama. Nimeleta deni."

"Marahaba. Sahihi kwanza, mwanangu."

Akainama, akaandika.

Mama aliporudi nyumbani alimkuta Asumpta juu ya kigoda jikoni. Ameshusha mahindi yake yote ya mbegu, anapangusa uchaga kwa kitambaa.

"Likijaa hilo daftari jipya, Mama, lilete. Mbegu zangu nitazitafutia pengine."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akamkumbatia bintiye aliyejaa masizi. Kweli, akiba haiozi.