Sukari ya Gaudensia Mfinyanzi

“Neno la mdomo halivuki zamu.” Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, mwenyekiti alipoahidi jambo na wanawake wa nyuma wakamjibu hivyo kwa pamoja, nanyi mkaniuliza zamu imeingiaje kwenye methali wakati wazee wetu walikuwa wakulima. Swali zuri. Methali hii si ya kale. Ilianza hivi, hapa hapa Kilengwe, na aliyeitamka kwanza bado yu hai.

Alikuwapo mwanamke mfinyanzi, Gaudensia Ngonyani. Alikuwa mtu wa mwili, na sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani. Mwaka mmoja akaanza kukonda, nguo zikampwaya. Alikunywa maji kutwa nzima na bado ulimi ulimkauka. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema neno baya zaidi. Edigna, binti yake wa pekee, hakuwasikiliza. Alimpandisha mama yake kwenye bodaboda, akamshika kwa nyuma asianguke, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa Orestes Haule. Watu walimpenda kwa sababu alizungumza nao. Alimtoboa Gaudensia kidole, akatazama kipimo, uso wake ukabadilika.

“Mama, huu si uchawi. Una kisukari, nacho kimepanda mno. Ndiyo maana mwili umekauka.” Akamgeukia muuguzi wa zamu, Sista Yustina. “Achomwe insulini. Dripu iwe ya maji ya chumvi tu. Ya maji ya sukari msimwekee, itammaliza.”

“Nimesikia, daktari.”

Edigna naye alisikia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alivuta pumzi. Kumbe ugonjwa ulikuwa na jina.

Asichokijua ni kwamba kwenye faili Haule aliandika mstari mmoja tu: amepungukiwa maji mwilini. Palipotakiwa namba ya ugonjwa, ile ambayo serikali huhesabia magonjwa ya nchi nzima, akaweka ya upungufu wa maji. Mengine alikusudia kuyaandika baadaye. Foleni ilikuwa imefika uani, na kichwani mwake mambo yalikuwa wazi kabisa.

Yustina alimchoma mgonjwa sindano, akamtundikia dripu ya chumvi. Mchana Gaudensia alifumbua macho, akauliza kama udongo wake umefunikwa usikauke. Edigna alicheka huku akilia.

Kisha zamu ikabadilika. Yustina alimweleza kila kitu mwenzake aliyeingia, neno kwa neno. Lakini yule hata kukaa hakukaa; aliitwa mbio wodi ya wazazi, mzazi mmoja alikuwa anavuja damu. Nafasi yake ikashikwa na muuguzi mgeni, aliyehamia wiki ile ile. Naye akasoma faili. Dripu ilipokwisha, akaja na chupa nyingine. Edigna akasoma maandishi yaliyokuwa ubavuni mwa chupa.

“Samahani, sista. Haya si maji ya sukari?”

“Ndiyo. Mgonjwa hajala, anahitaji nguvu.”

“Daktari alikataza! Mama ana kisukari. Alisema mbele yangu, hapa hapa.”

Muuguzi akafungua faili, akalisoma tena kwa makini. Hakuwa mtu wa dharau. “Dada, hapa hakuna kisukari. Hakuna insulini. Mimi nafuata kilichoandikwa. Nikifuata kila anachosema ndugu wa mgonjwa, nitaua watu.”

“Basi mpime tena.”

“Vijiti vya kupimia vimekwisha. Daktari akitoka tutamuuliza.”

Edigna alikimbia kumtafuta Haule. Alikuwa chumba cha upasuaji, na mlinzi hakumruhusu hata kugonga. Aliporudi, matone yalikuwa yanashuka taratibu kwenye mrija. Angeweza kuuchomoa. Mkono uliinuka, ukashuka. Nani yeye, mtoto wa mfinyanzi, kumchomolea mtu dripu hospitalini?

Jua lilipokuwa linazama, Gaudensia alikuwa anahema kama aliyepandishwa mlima, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyovunda. Aliitwa jina, hakuitika. Haule alipofika, alifika kwa maiti.

Baada ya matanga Edigna alirudi hospitali. Cheti kilisema mama yake amekufa kwa upungufu wa maji mwilini. Haule alisimama, akamshika mikono yote miwili, akalia machozi ya kweli.

“Nisamehe, mwanangu.”

“Nimekusamehe, daktari. Sasa andika. Andika kwamba mama amekufa kwa kisukari, uweke na namba yake.”

Haule aliitazama kalamu, hakuigusa. “Nikibadilisha sasa, itaundwa tume. Yule muuguzi mgeni atafukuzwa, na kosa si lake. Wala mama hatarudi. Lakini nakuahidi, nitawaambia wakubwa wilayani kwamba ugonjwa huu upo hapa. Nitawaambia mimi mwenyewe.”

“Utawaambia,” alisema Edigna, akaitoa mikono yake. “Hata sista aliambiwa. Neno la mdomo halivuki zamu, daktari.”

Mimi naamini Haule aliwaambia. Hakuwa mwongo. Lakini akahamishwa, na mkubwa aliyeambiwa akastaafu. Hospitali yetu ilipoomba insulini na vijiti vya kupimia, waliokuwa wilayani wakafungua hesabu za magonjwa, wakajibu: kwenu hajafa mtu kwa kisukari, mnaviomba vya nini? Vikapelekwa kwingine.

Masika iliyofuata alikufa Mwalimu Betram. Kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, akafuata mke wa katekista. Wote walikuwa wamekonda, wote waliomba maji hadi mwisho. Kwenye misiba yao ndipo watu walipoanza kulirudia neno la Edigna, kwanza kwa kunong’ona, baadaye kwa sauti, mbele ya yeyote aliyesimama kuahidi.

Kwa hiyo, wanangu, akiwaahidi mtu mbaya, ninyi wenyewe mtajihadhari. Mimi nawahofia mtu mwema, mwenye machozi ya kweli. Huyo mshukuruni, kisha mpeni kalamu. Neno la mdomo halivuki zamu.