Bibi Nungunungu Aulilia Msiba Wake

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona mnaitikia kama walionyimwa uji? Paukwa!
— Pakawa!

Haya. Hapo kale palikuwa na Fisi, mvivu, mlafi, muongo, na bado akijiona mjanja. Siku moja akaokota jalalani kofia kuukuu ya askari wa Mfalme Simba. Akaivaa. Ikamfunika masikio yote mawili. Basi, akajiona serikali!

Je, alikwenda kumtisha Nyati? Thubutu! Alikwenda kwa Bibi Nungunungu, mjane mzee, macho hayaoni vizuri, anaishi peke yake na mtungi wake wa karanga za mbegu. Mvua zilikuwa karibu. Asipopanda hizo, mwaka huo analala njaa.

"Hodi! Mimi mtu wa Mfalme! Bibi, kwa Mfalme unahesabiwa umekufa."

"Ala! Nimekufa?"

"Umekufa. Lete asali nikakurudishe kwa walio hai. Na usimwambie mtu!"

Maskini, akatoa asali. Fisi akaenda kuilamba kichakani.

Kesho yake huyo tena. "Hodi! Mimi mtu wa Mfalme! Bibi, bado umekufa. Lete viazi. Na usimwambie mtu!"

Bibi akatoa viazi. Fisi akavila vibichi, na udongo wake. Serikali gani hiyo inayokula udongo?

Siku ya tatu: "Hodi! Mimi mtu wa Mfalme! Bibi, lete zile karanga za mbegu."

"Mwanangu, hizo nikikupa nitapanda nini?"

"Maiti anapanda? Usipotoa leo umekufa moja kwa moja. Na usimwambie mtu!"

Bibi akakaa chini. Uchungu ukamshika, wala si wa karanga peke yake. "Kumbe nimekufa tangu juzi," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kunililia? Mimi niliyekwenda misiba yao yote! Niliyewapikia, niliyewaoshea vyombo!" Akajishika kichwa, akaangua kilio: "Uwiii! Jamani, nimekufa! Njooni mnizike!"

Sasa, kule kwao kilio kikisikika hakuna kuuliza. Unaacha kazi, unakwenda. Wakamiminika: Kanga na mkeka, Kima na sufuria, Ngiri na jembe la kuchimbia kaburi. Fisi kugeuka atoroke, mlango umejaa waombolezaji.

"Nani amekufa?" akauliza Kanga.

"Mimi," akajibu Bibi huku akilia. "Muulizeni huyu mtu wa Mfalme."

Kanga akamsogelea, akaivuta ile kofia. "Huyu? Si Fisi wa jalalani huyu!"

Walicheka mpaka mkeka ukakunjika. Ngiri ndiye hakucheka. Akamtupia Fisi jembe. "Wewe si umesema amekufa? Chimba kaburi."

Fisi akachimba. "Si hapo, sogea." Akachimba. "Si hapo, sogea." Akachimba. "Si hapo, sogea!" Kufika alasiri shamba zima la Bibi limelimwa. Na Bibi huyo nyuma yake na mtungi, anapanda karanga zake moja moja, anamcheka. Ndiyo maana mpaka leo mgongo wa Fisi umeinama kwa nyuma.

Basi, wazee wangu, akija mtu na kofia yake akasema usimwambie mtu, mwambie mtu. Piga kelele mtaa mzima usikie. Aliyetumwa na serikali kweli hamwogopi jirani yako.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aniletee maji ya kunywa. Asiyeleta, namhesabu amekufa.