Rimu za Hoza na Kona za Mlalo

Nani kasema methali hiyo, wajukuu zangu, bibi yenu? Kamwambia Kibua hivyo kwa sababu anasifia viatu vipya hata hajavitembelea? Kasema kweli. Kaeni hapa mkekani, chakula bado kiko jikoni. "Rimu usiisifu kwenye jeki, isubiri kwenye kona." Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwepo, mabega haya ndiyo mashahidi.

Kijana wa kwetu, Hoza, alikuwa anaoa Mlalo, kule juu mlimani. Alikuwa na kagari kadogo, kazima tu, ila magurudumu yake ya chuma cheusi yameingia kutu. Sasa dada yake bibi harusi siku ya harusi yake alikuwa kachukuliwa na gari linalomeremeta, Mlalo nzima ikalisema mwezi mzima. Hoza roho ikamuuma. Akaenda kwa rafiki yake mwenye gari kubwa, akaazima rimu za spoti, zile pana, zinang'aa kama sinia jipya, na matairi yake. Gari la rafiki likabaki juu ya mawe.

Fundi Kidelo akapandisha kagari kwenye jeki. Matundu yakalingana, nati zikaingia zote. Akalizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka kama pia. Tukapiga vigelegele, wanaume wazima! Na barabara ya pale gereji, wajukuu zangu, imenyooka kama ufito.

Siku ya harusi Hoza akatangulia, sisi nyuma kwenye lori. Kona ya kwanza ya mlima, akakata usukani: krrrr! Tairi limeng'ata bodi, maana lilikuwa pana, limetokeza nje. Rudi nyuma, kata tena: krrrr! Magurudumu ya zamani tumeyaacha nyumbani. Na huko juu shangazi yake bibi harusi, Mwanahamisi, alishaapa mbele za watu kwamba sufuria hazifunuliwi mpaka gari la bwana harusi liingie uani.

"Jamani, nimeaibika," Hoza akasema, jasho linamtiririka. "Wakwe zangu wote watalala njaa kwa ajili yangu."

Baba yake mdogo, mzee Shekiondo, akavua koti. "Kagari kenyewe kama mbuzi haka. Shukeni, tukabebe!"

Basi kila kona tunashuka, tunakainua pua, tunakaelekeza, tunakaweka chini, Hoza anakwenda mpaka kona nyingine. Tukaanza na kuimba. Watu wa Mlalo wakasikia nyimbo zinapanda mlima, zinanyamaza, zinaanza tena. Wakadhani ni ngoma mpya ya mjini.

Kumbe kona kali kuliko zote ilikuwa mlango wa uani kwao bibi harusi. Tukashuka, tumelowa. Shangazi Mwanahamisi huyo, mikono kiunoni.

"Mkwe, hilo gari umelipanda au umelibeba?"

"Shangazi, kwa fundi rimu hizi zilikaa vizuri mno. Zilizunguka kama pia."

"Zikiwa wapi?"

"Kwenye jeki."

"Baba wee! Rimu usiisifu kwenye jeki, isubiri kwenye kona!"

Hoza anatazama viatu vyake. Mara dirishani tukasikia kicheko: bibi harusi mwenyewe, anacheka mpaka wanja unachuruzika kwa machozi.

"Shangazi, waambie kaka zangu wamsaidie mume wangu. Mimi nina njaa!"

Wakaja shemeji zake, wale wale waliotununia tangu siku ya mahari, wakashika kushoto, sisi kulia. Haya, twende! Kagari kakaingia uani kanaelea, Hoza ndani anapunga mkono, na shangazi akafunua sufuria ya kwanza kwa mkono wake. Tukala pamoja, wa kwao na wa kwetu, hata hatukujua nani wa wapi.

Kwa hiyo, Kibua, hivyo viatu shuka navyo kwanza mpaka kisimani, upande navyo, ndipo uvisifu. Ee, bibi yenu huyo na sinia la wali! Sogea, mwenzio akae. Naweni mikono. Nilitaka kuusifu kwa harufu tu, lakini rimu usiisifu kwenye jeki, isubiri kwenye kona. Bismillahi, tuonje.