Sukari Hukaa Chini

Daktari alipomkataza sukari, tajiri Mbarouk aliwageuzia kibao wote nyumbani. "Mpaka nipone, hakuna atakayekunywa kitu kitamu humu," alimwambia mpishi wake, Bi Mishi.

"Sawa, bwana. Na vinywaji vyako nani atavikagua?"

"Wewe ndiye mpishi. Utavionja."

Mchana Bi Mishi aliandaa wali na bilauri tatu za juisi: ukwaju, embe na pesheni. Akainywa ya kwanza yote. "Ina sukari."

"Kwani kuonja si tone tu kiganjani?" Mbarouk aliuliza.

"Hivyo huonjwa mchuzi, bwana. Sukari hukaa chini."

Ya pili ikaisha, nayo ina sukari. Ya tatu vilevile. Bi Mishi akamsogezea bwana wake maji.

"Nani alizitengeneza juisi hizi?" Mbarouk alifoka.

Bi Mishi akajifuta mdomo. "Mimi, bwana. Ndiyo maana nilizitilia shaka."