Ngata Sitini za Nyamizi

Sogeeni karibu, na wewe wa huko mwisho acha kuchokoa pua. Leo nawapeleka mbali. Nawapeleka enzi zile ambapo milima ilikuwa bado inatafuta mahali pa kukaa, na mito ikiamka asubuhi ndipo inaamua ipite wapi. Nikiuliza "Tumo njiani?" nyinyi mseme "Tumo." Tumo njiani? Haya.

Katika bonde la Isela alikuwapo mwanamke jina lake Nyamizi. Nyamizi alisuka vihenge. Kihenge mnakijua, lile ghala la fito la kuwekea nafaka. Sasa kihenge cha Nyamizi ungekijaza mtama hadi mdomoni, ukakipiga teke, na mguu wako ndio ungeumia. Watu walitembea siku tatu kuja kumwomba awasukie. Huyo ni wa kwetu, na sitalisema hilo kwa sauti ndogo.

Lakini Nyamizi alikuwa na jambo lake moja. Hakujua kumkatalia mtu. Aliyetaka urafiki, aliupata. Aliyetaka kusuka naye, alisuka naye. Shija alikuja kusuka naye mwaka mmoja, na tangu hapo wageni wakija kutazama kazi, ni Shija aliyesimama mbele akivipiga vihenge kwa kiganja. "Hiki changu. Na kile pale changu." Nyamizi yuko nyuma, vidole vinatoka damu, kimya. Alikuwapo pia Wande, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye walikuwa wakikaa pamoja jua linazama hawana habari. Na ng'ambo ya kijito aliishi Mbuke, msusi mwenzake, ambaye hawakusalimiana vizuri. Kisa? Siku moja Mbuke alimwambia mbele za watu, "Dada, mdomo wa kihenge chako umekaa upande." Na kweli ulikuwa umekaa upande. Hilo ndilo lililomuuma.

Tumo njiani?

Mwaka huo mto ukaanza kula bonde. Ukala shamba, ukala njia, ukala zizi la mtu na mbuzi wawili ndani yake. Mtemi akatoa neno: kabla mwezi mpya haujaandama, watu wote wawe wamehamia juu kwenye mwinuko. Kuta hazikuwa tatizo, miti ilikuwapo na udongo ulikuwapo. Tatizo lilikuwa paa. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeungua zote kwa moto wa kiangazi. Kwa hiyo kila mtu alipaswa kulipandisha paa lake la msonge likiwa zima, kama lilivyo. Likivunjika njiani, masika yote yatakunyeshea.

Na Nyamizi aliishi na mama mkwe wake, Kalunde, bibi kizee wa kifua kibovu, mtu wa hatua tatu kisha anapumzika. Kalunde asingeyamaliza masika bila paa. Nyamizi alilijua hilo, na lilimkosesha usingizi.

Desturi ya kupandisha paa ilikuwa hivi. Mwenye nyumba alisokota ngata za magome, zile za kuweka kichwani chini ya mzigo, akampelekea kila aliyemtaka. Ukiipokea ngata yake, siku ya siku utaingia chini ya paa lake, na kuanzia hapo wewe na yeye ni watu wa kuitana katika kazi na katika shida. Kumnyang'anya mtu ngata ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Wenzake walisokota ishirini, ishirini na tano. Nyamizi alisokota sitini.

"Mwanangu, sitini za nini?" Kalunde akamuuliza.

"Mama, nani mwingine katika bonde hili ana watu sitini?"

Kalunde akakohoa. Ngata ya sitini, ya mwisho kabisa, Nyamizi aliisokota huku anasinzia, imelegea, inafumuka. Hiyo ndiyo aliyompelekea Mbuke, ili tu watu wasiseme alimruka.

Siku ikafika na wote sitini wakafika. Nyamizi aliwatazama wakija kutoka kila upande na kifua kikamjaa. Magogo yakapitishwa chini ya paa, watu wakaingia, Shija akashika wimbo, sauti yake ikasikika hadi ng'ambo. Inua. Paa likapanda kiganja kimoja. Likayumba kulia, likayumba kushoto. Watu wakakanyagana visigino. Pao moja la paa likalia kwaa kama linalovunjika, la pili likalia kwaa, na wakalitua paa kwa kishindo.

Wakajaribu tena. Pao la tatu likalia kwaa.

Watu sitini, na paa lilikuwa zito kuliko siku alipoliezeka. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mwinuko.

"Nyamizi," Kalunde akaita kutoka kwenye kigoda chake. "Njoo ulale hapa."

"Nilale, mama? Saa hizi?"

"Lala chini utazame ninachokitazama mimi. Kisha waambie wainue mara moja tu."

Akalala kifudifudi kwenye udongo wenye unyevu, shavu chini, mbele ya watu wote. Wakainua. Na hapo akaona. Mtu akiwa chini ya paa, wajukuu zangu, uso wake huuoni. Kicheko chake hukioni. Unaona miguu tu. Na kuna miguu iliyozama udongoni, vidole vimeshika ardhi. Na kuna miguu iliyosimama kwenye ncha za vidole, visigino viko hewani. Hao walikuwa hawabebi. Walikuwa wamening'inia, na waliobeba paa walikuwa wanawabeba na wao.

Miguu yote aliijua. Ya Shija ilikuwa ikizunguka zunguka kama ya mtu anayemfukuza kuku, haikutulia mahali hata pamoja. Ya Wande, yenye bangili za shaba, ilikuwa juu ya vidole. Na upande wa nyuma, penye uzito mkubwa, palikuwa na miguu miwili yenye nyufa, imezama hadi vifundoni. Ilikuwa ya Mbuke.

Nyamizi akainuka na udongo shavuni. Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa ya haki. Kisha akapiga moyo konde, akaanza kupita mmoja mmoja akinyoosha mkono.

"Nipe ngata, kaka."

"Unaninyang'anya mimi?" Shija akauliza. "Mimi niliyekuimbia?"

"Umeimba vizuri. Hukubeba. Na tangu leo fito zangu usizishike tena. Vihenge ulivyovisuka wewe kavichukue, kama utakiona hata kimoja."

Watu wakaguna. Shija akatupa ngata na kuondoka. Nyamizi akaendelea. Wengine walitoa kwa hasira, wengine walitoa upesi kama watu waliokuwa wakingojea kuombwa. Akafika kwa Wande.

"Hata mimi?" Wande akasema kwa sauti ndogo.

"Hata wewe." Na machozi yalikuwa yakimtoka, sitawaficha.

Wande akaiweka ngata mkononi mwake taratibu, akageuka, akaenda zake.

Mwisho akasimama mbele ya Mbuke na kumvua ngata kichwani. Watu wakashika vinywa. Mbuke hakutikisika. Nyamizi akaivua yake mwenyewe, iliyosokotwa vizuri, akamvika.

"Ile nilikusokotea ovyo, na nilijua."

"Hata mimi nilijua," Mbuke akasema. "Nilikuja kwa ajili ya bibi. Haya, tuinue, mvua haitusubiri."

Wakabaki ishirini na watatu. Nyamizi akaiweka kichwani ile ngata inayofumuka, akaingia chini, wakawa ishirini na wanne. Inua. Paa likapanda, likatulia. Wakatembea. Walitembea, wakatembea, mguu mmoja, mguu wa pili, hakuna aliyeimba kwa sababu pumzi yote ilikuwa kazini. Wakavuka kijito, wakatembea. Wakaanza mpando mkali, wakatembea. Ishirini na wanne, na paa linakwenda juu kana kwamba linajua njia. Nikilifikiria hilo mpaka leo shingo yangu hunyooka.

Katikati ya mlima Nyamizi akashtuka. "Mama. Nani yuko na mama?"

Walikuwa wamemwacha Kalunde kwenye kigoda chake.

"Tulitue?" mtu akauliza.

"Likituliwa hapa litabiringika," Mbuke akasema. Na ilikuwa kweli. Nyamizi akauma meno, akaendelea kupanda, roho yake imebaki bondeni.

Walipofika, wakawakuta watu wawili wameketi kando ya kuta mpya. Kalunde alikuwa kwenye kigoda chake, akipumua vizuri, na kando yake alikuwa Wande, akimpepea kwa ncha ya khanga. Wakaliweka paa juu ya kuta. Hata pao moja halikulia.

Nyamizi akamwendea Wande.

"Mgongo wangu haubebi tangu nilipomzaa kifungua mimba," Wande akasema. "Hukuniuliza."

"Mbona ulipokea ngata?"

"Ningekataa ungesema sikupendi. Kubeba siwezi, Nyamizi. Kutembea na bibi hatua tatu tatu hadi juu, kwa njia ya mkato isiyopitisha paa, hilo ninaliweza. Ungeniuliza ningekwambia."

Nyamizi akapiga magoti mbele ya rafiki yake akamwomba radhi, na jua halijazama mvua ikashuka. Kalunde akaingia ndani, akainua uso, akasikiliza. "Haivuji," akasema, akalala.

Aliishi masika sita mengine. Nyamizi na Mbuke walisuka pamoja hadi uzeeni, wakigombana kila siku juu ya midomo ya vihenge, na hakukuwa na vihenge kama vile nchi nzima. Shija alihamia bonde jingine, na nasikia huko alisimulia jinsi alivyolipandisha lile paa peke yake.

Baba yangu ni wa uzao wa Nyamizi. Mama yangu ni wa uzao wa Mbuke. Kwa hiyo mkikaa hapa mbele yangu, kaeni wima.

Na muelewe. Chini ya paa lako hapatoshi kwa watu wote. Anayebeba nawe msokotee ngata nzuri, hata kama ulimi wake unakuchoma. Anayening'inia mwambie aachie, mwambie mapema, usimtukane. Na umpendaye asiyeweza kubeba, muulize anaweza nini, kisha umwache akifanye.

Kisa nimekitua hapa, kizima. Atakayekipeleka mbele akishike vizuri, na wewe uliyesinzia kamuulize jirani yako.