Vuta Kwanza, Ndipo Ufungue Lango

Naona mzee mmoja kule nyuma ameshafumba macho. Mwacheni, ataamka tukifika kwenye ng'ombe.

Kulikuwa na mfugaji mmoja, mtu wa ng'ombe kumi na wawili na ardhi iliyochoka. Malisho yake yalikuwa yamekanyagwa miaka na miaka mpaka yakawa magumu kama sakafu ya kanisa hili. Mvua ikinyesha, maji yanapita tu yanakwenda zake. Mwaka mmoja akasema basi. Akazungushia ekari mbili uzio wa miiba, akalima, akasia mbegu za majani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mahindi yanalimwa, mpunga unalimwa, lakini nani aliwahi kulima majani? Majani si hupandwa na Mungu? Yeye akaendelea na kazi. Aliyapalilia kwa jembe kama mtu anayepalilia karanga, na jioni mgongo ukimuuma anamwambia mkewe kwamba keshokutwa atamaliza upande wa pili.

Mvua za mwaka ule zilikuja kuchungulia tu, zikaondoka. Malisho ya kijiji yakaisha mapema. Ndani ya ule uzio majani yalikuwa yamefika magotini, mabichi kabisa, na nje ya uzio wamesimama ng'ombe wake mwenyewe, wamekonda, wanayatazama. Lango hakufungua. Kila siku alipanda baiskeli kwenda kuomba mabua ya mahindi kwenye mashamba ya watu, akawaletea, nao wakatafuna huku wamenuna.

Sasa sikilizeni maji yalivyomfika shingoni. Mwanawe mkubwa alikuwa anaoa. Mahari walikwisha kukubaliana, ng'ombe tisa. Na kwa desturi ya watu wale, ng'ombe wa mahari hawahesabiwi tu, wanakaguliwa. Baba wa binti anakuja na wazee wake, anawashika mbavu mmoja mmoja, na aliyekonda anakataliwa mbele ya watu wote. Kufika siku ya ukaguzi zilibaki wiki mbili, na mbavu za wale ng'ombe ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani.

Mdogo wake mfugaji akaja. Akamsihi kwa upole, kisha kwa hasira, afungue lango kwa hizo wiki mbili tu ili ng'ombe wapate mwili. Kaka mtu akakataa. Mkewe, aliyekuwa amevumilia mengi, safari hii uvumilivu ukamwisha.

"Baba watoto," akamwambia, "utamwaibisha mwanao kwa sababu ya nyasi?"

Asubuhi yake mfugaji akaingia ndani ya uzio, akainama. Akauzungushia mche mmoja vidole vyake, jinsi ng'ombe anavyozungusha ulimi, akavuta. Ukatoka wote, na vijizizi vyake vifupi na udongo wake. Akavuta wa pili, ukatoka. Wa tatu, vilevile. Akasimama na ile miche mkononi na machozi yakamlenga, maana alikuwa anampenda sana mwanawe. Kisha akatoka, akaongeza miiba langoni.

Siku ikafika. Wageni wakaja, wakapewa viti na maji, wakapelekwa zizini. Baba wa binti akashika mbavu za ng'ombe wa kwanza. Akashika za wa pili. Akainua uso, akaona kijani ng'ambo ya uzio.

"Majani yale ya nani?"

"Yangu, mkwe."

Wazee wakaangua kicheko. Mtu ana chakula tele na mifugo yake inakonda, ni akili hiyo? Bwana harusi akatazama chini. Mfugaji akaenda langoni. Alisogeza miiba, akamwambia mgeni wake, "Ingia, mkwe. Vuta kidogo."

Mgeni akavuta. Mche ukatoka na mizizi. Akaugeuzageuza mkononi kwa muda, maana naye alikuwa mfugaji, na kwake pia malisho yalikuwa yamebaki vumbi.

"Kumbe bado hayajashika," akasema polepole.

"Bado. Wakila leo, wameyang'oa. Siku nitakayovuta jani likakatika, mzizi ukabaki chini, siku hiyo nafungua."

Baba wa binti akawageukia wazee wake. Akawaambia ng'ombe wabaki palepale mpaka majani yashike ndipo waletwe, lakini harusi isingoje.

"Mwanangu haendi kuishi na ng'ombe," akasema. "Nilitaka kujua anakwenda kuishi na watu gani."

Haya, mzee wetu ameamka? Sasa niwaulize. Mmekaa hapo mkidhani katika mfano huu ninyi ni yule mfugaji, siyo? Wengine mmejiona baba wa binti, nawaona mnavyotikisa vichwa. Hapana, ndugu zangu. Sisi ni majani.

Tumebatizwa juzi tu, na tayari tunamnung'unikia Mungu: mbona lango langu halifunguki, mbona wenzangu wamepewa huduma na mimi bado? Na vile vitu vidogo vinavyotuvuta kila wiki unadhani ni nini? Jirani kakusema vibaya. Mwanakwaya mwenzako hakukusalimia, na wewe Jumapili mbili huonekani. Ule ni mkono wa Mwenye shamba, ameinama, anavuta kidogo aone kama umeshika. Ng'ombe wenyewe hata hawajaja.

Na kuliwa, yaani kutumiwa na watu katika huduma hiyo, si msiba. Jani likiliwa mzizi ukabaki, huchipua tena, na linachipua kwa wingi. Msiba ni kung'oka. Basi tuache kulilia lango, tushughulike na mizizi: kuomba siku ambayo hatujisikii kuomba, kusamehe mtu ambaye hajaomba radhi, kurudi hapa Jumapili ijayo hata kama aliyekuudhi atakaa mbele yako. Wiki hii utavutwa, tusidanganyane, labda hata kabla hujafika nyumbani kwako. Jani likikatika, acha likatike. Wewe baki ardhini.