Tangi Lililonasa Sumaku

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, milango na majirani wa kusengenyana nao, Pimbi alikuwa na mtoto mchanga mmoja tu, Sikudhani. Waliishi kando ya ziwa la chumvi, na huko, wanangu, mtoto haishi bila tangi zima la maji ya mvua.

Matangi yote yalitengenezwa na Fundi Kiboko. Yanang'aa hayo! Unajiona mpaka meno! Kiboko alikuwa akibandika sumaku ubavuni mwa tangi, nayo inateleza, cha! mpaka chini.

"Mmeona? Haikunasa! Chuma hiki hakishiki kutu hadi wajukuu!"

Wote wakaamini.

Tangi la Pimbi halikumaliza mwaka. Asubuhi moja alilikuta lina vitundu kama macho ya sisimizi, maji yanatoka tii, tii, tii, yaliyobaki ni mekundu kama chai. Na masika yanaisha, limebaki wingu moja tu juu ya kilima! Mbio, mbio, mpaka kwa fundi.

"Fundi, tangi limetoboka! Mtoto wangu atakunywa nini?"

"Sumaku ilinasa?"

"Haikunasa, lakini..."

"Basi ni zima! Mchafu ni wewe, hulisugui. Kwa kwa kwa!" akacheka Kiboko.

Pimbi akaogopa. Lakini alijua jambo. Kabla ya kujifungua alikuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto hapohapo kwa Kiboko, akaona kwa macho yake. Kwenye matangi ya wateja Kiboko alitia kromi kidogo, ile inayokivisha chuma ngozi ya kuzuia kutu. Nikeli, madini ghali ya kuzuia sumaku isinase, aliibania, akajazia manganizi ya bei rahisi, ili sumaku isinase tu. Chumvi ikaitafuna ile ngozi. Ila tangi lake mwenyewe, lile la uani, alilitia kromi tele na molibdeni, ambayo chumvi inaigwaya. Nikeli, hata chembe! Tangi lile halikujua kutu, ila sumaku lilinasa.

Aseme? Nani atamwamini Pimbi mbele ya Kiboko?

Pimbi akaichukua sumaku yake ya kupimia tangi, akaingia uani kwa Kiboko wateja wamejaa, akajikwaa kusudi. Kwapu! Sumaku ikanasa tangi la Kiboko, ndi!

"Haa! Jamani! Fundi mwenyewe anakunywa kwenye tangi feki!" akapiga kelele Pimbi.

Wateja wakageuka. "Fundi, ni nini hii?" akauliza Swala, jirani yake Pimbi.

Jasho likamtoka Kiboko. Akisema tangi ni zima, basi sumaku ni uongo, na wote watamrudishia matangi yao.

"Hilo... hilo bovu! Nilisahau kulitupa."

"Basi nipe mimi, fundi. Nitafugia hata bata," akasema Pimbi.

Kiboko akamkazia macho. Alijua kwamba Pimbi anajua.

"Chukua takataka yako! Toka!"

Wateja wakamsaidia kulibingirisha, wakimcheka njia nzima. Jioni ile wingu likapasuka, tangi likajaa pomoni, Sikudhani akanywa maji meupe mpaka akacheua.

Kiangazi kikaingia. Siku moja Swala akabisha hodi, mtoto mgongoni, kibuyu mkononi.

"Shoga, langu nalo limetoboka, na halikunasa sumaku! Vuli i karibu, naenda kwa fundi kuchukua jingine. Wewe ulifanya kazi pale, nichagulie. Lipi zuri?"

Pimbi akamtazama mtoto wa Swala, midomo imempasuka kwa kiu. Akalitazama tangi lake. Akisema kweli, habari zitamfikia Kiboko kabla jua halijatua, naye atakuja kulibeba, na hapana wa kumzuia.

"Lile lisilonasa," akasema.

Akamjazia kibuyu, asimtazame usoni.

Basi wanangu, anayejiokoa kwa uongo wa mwenye nguvu huishia kuulinda.